Kijana Aliyechora Mwanga

Sogeeni karibu. Palikuwa na kijana mmoja wa Kolkata, India, aliyezaliwa mwaka 1930, jina lake Subrata Mitra. Alisikia kwamba mwongozaji mashuhuri wa Ufaransa, Jean Renoir, amekuja Bengal kupiga filamu ya The River. Akakimbilia kuomba kazi. Hakupewa. Akaruhusiwa kutazama tu.

Basi akatazama! Alikaa pembeni na daftari, akichora taa zimewekwa wapi, kamera imesimama wapi, kivuli kinaangukia upande gani. Hapo ndipo alipofahamiana na Satyajit Ray, mchoraji wa matangazo ya biashara aliyekuwa na ndoto ya kutengeneza filamu yake.

Mwaka 1952 Ray akaanza Pather Panchali na kumkabidhi Mitra kamera. Kijana alizoea kupiga picha za mnato tu. Kamera ya filamu hakuwahi kuiendesha. Kampuni kubwa ya kuwabeba hawakuwa nayo, kwa hiyo pesa zilipokatika, kazi ililala. Safari moja walirudi kwenye uwanda wa maua meupe waliokuwa wameanza kuupiga, wakakuta ng'ombe wameyala yote. Ikabidi wangoje yachanue msimu mwingine! Ray akaweka rehani hata vito vya mkewe. Mwishowe serikali ya jimbo ikatoa fedha, na filamu ikatoka mwaka 1955.

Lakini ustadi wa Mitra mimi nauona zaidi katika filamu iliyofuata, Aparajito. Ua wa nyumba ya Varanasi ulijengwa ndani ya studio Kolkata. Sasa fikirini: uani mwanga hushuka kutoka angani, mpole, usiotupa kivuli kikali. Studio za siku hizo zilimulika waigizaji moja kwa moja, mtu akawa na vivuli viwili vitatu, kana kwamba dunia ina majua matatu. Mitra akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua ule, akazielekeza taa kwenye kitambaa badala ya nyuso. Mwanga ukagonga, ukarudi chini umelainika. Watazamaji wakaamini wanaona anga.

Baadaye Ray alizoea kushika kamera mwenyewe, na baada ya Nayak ya mwaka 1966 hawakufanya filamu pamoja tena. Mitra, ambaye tayari alikuwa akiwapigia wengine, akaendelea na kazi yake. Miaka ya themanini filamu ya New Delhi Times ikampatia tuzo ya taifa ya India ya upigaji picha.