Kutembea kwenda kazini ni kinga, lakini si ya kila saratani

KILA alfajiri, kabla ya jua kuchomoza, wakazi wengi wa Kibera hufuata reli kwa miguu kuelekea Eneo la Viwanda, Nairobi, kutafuta vibarua. Nao wenzao wa Kawangware hushika njia ya Lavington na Kileleshwa, ambako hufanya kazi za bustani, ulinzi na kutunza nyumba. Wengi hawatembei kwa kupenda. Nauli ya matatu ndiyo pesa ya unga wa jioni.

Hata hivyo, mwendo huo wa lazima una faida ambayo aghalabu haitajwi. Mnamo 2002, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuwa kuushughulisha mwili hupunguza hatari ya kupata saratani ya utumbo mpana na ya matiti.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusisha watu milioni 1.44 wa Marekani na Ulaya, uligundua kwamba waliofanya mazoezi zaidi wakati wa mapumziko walikuwa na hatari ndogo ya kupata aina 13 za saratani kati ya 26 zilizochunguzwa. Kwa saratani ya utumbo mpana hatari hiyo ilikuwa chini kwa asilimia 16, na kwa ya matiti asilimia 10.

Sababu zake zinaeleweka. Mwili unaposhughulika, kiwango cha insulini katika damu hushuka, na kwa wanawake hupungua pia homoni ya estrojeni. Zote mbili zikizidi huweza kuchochea seli kuongezeka ovyo. Aidha, mazoezi huzuia unene na husaidia uchafu kupita utumboni haraka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kadiri kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa. Hivyo, anayetoka Kawangware hadi Lavington kwa nusu saa, akarudi vivyo hivyo siku tano kwa wiki, hutimiza dakika 300 bila kulipa hata shilingi moja ya ukumbi wa mazoezi.

Lakini si kila mkazi wa mitaa hii hutembea. Fundi wa cherehani, mwuza mboga aliyeketi kibandani na mwendeshaji bodaboda hukaa kutwa nzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa ni asilimia 6.5 tu ya Wakenya wazima waliokosa kutimiza kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa. Uchunguzi huo huo, hata hivyo, ulionyesha kwamba asilimia 38.5 ya wanawake walikuwa na uzani uliozidi, ikilinganishwa na asilimia 17.5 ya wanaume. Ni dhahiri kwamba miguu pekee haitoshi iwapo chakula ni cha mafuta na sukari nyingi.

Jambo zito zaidi ni kwamba baadhi ya saratani zinazowaua Wakenya wengi hazizuiwi kwa kutembea. Saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV. Kinga yake ni chanjo, ambayo serikali ilianza kuwapa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019, pamoja na uchunguzi wa mapema. Saratani ya umio nayo huhusishwa na tumbaku, pombe na vinywaji vinavyonyweka vikiwa moto sana.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba zaidi ya Wakenya 42,000 walipata saratani mwaka huo, na zaidi ya 27,000 wakafariki. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshakomaa.

Kwa hivyo, mama anayetembea kila siku kwenda kufua nguo Kileleshwa ana haki ya kujua mambo mawili: kwamba miguu yake inamlinda, na kwamba akihisi uvimbe titini au akitokwa na damu isiyo ya kawaida, asijiambie kuwa ana nguvu za kutosha. Aende zahanati siku hiyo hiyo.