"Kinga" na "Mshipa" Mbele ya Mgonjwa

Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Diaca, Cabo Delgado, aliombwa kumkalimania mgonjwa wa kwao, msemaji wa Kimakonde anayejua Kiswahili kidogo. Daktari alisema: "Kinga yako ina hitilafu, tutaziba mshipa." Mgonjwa akakataa katakata. Kwenye "kinga" alisikia UKIMWI, na kwenye "kuziba mshipa" alisikia kiharusi. Huku damu ilikuwa ikimvuja tumboni.

Maradhi yenyewe huitwa poliateritisi nodosa. Hapa kinga haikupungua, bali imekosea adui: inashambulia kuta za ateri, yaani mishipa ipelekayo damu kutoka moyoni. Ukuta uliodhoofika hutuna kama mpira wa baiskeli uliochakaa, hasa kwenye figo, ini na utumbo. Ukipasuka, damu humwagikia ndani.

Zamani njia ilikuwa kupasua tumbo. Siku hizi mgonjwa hupigwa ganzi, kisha mrija mwembamba, katheta, huingizwa kupitia kinena au kifundo cha mkono. Daktari huuongoza akitazama eksirei, humimina dawa inayoonyesha mahali panapovuja, halafu huacha hapo koili ndogo za metali. Damu huganda juu yake na uvujaji hukoma. Hatari ipo: sehemu iliyokuwa ikilishwa na ateri hiyo inaweza kukosa damu. Tena koili haiponyi ugonjwa. Dawa za kutuliza kinga ni lazima ziendelee. Na pale kinga inapoharibu chembe sahani za damu, mrija si jibu, dawa ndiyo jibu.

Kwa Tanzania, tiba radiolojia ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 2018 kwa ushirikiano na wataalamu wa Yale na kwingineko, na mwaka 2019 ikawa shahada ya uzamili.

Turudi kwenye lugha. "Mshipa" ni neno lililobebeshwa mzigo: ni ateri, ni vena, ni neva, na mtaani ni ngiri au busha. (Kamusi zetu zinakiri hayo bila aibu.) Mwanafunzi alieleza upya: "Askari wa mwili wako wanapiga nyumba yao wenyewe. Bomba moja limetoboka. Tutaliziba hapo tu, bila kukupasua."

Mgonjwa aliuliza kama koili itatolewa baadaye. Haitolewi, hubaki humo.