Wimbo Waweza Kufungua Kinywa

Watu wengi hudhani ya kuwa kuimba na kupiga vyombo vya muziki ni anasa tu, jambo la kupitisha wakati. Sivyo. Faida yake twaiona hasa kwa mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyeumizwa ubongo, hata akapoteza maneno.

Mtu huyo si mwenda wazimu, wala hakupagawa na pepo. Mara nyingi huyafahamu aambiwayo, ila jibu halimtoki. Sababu yake ni hii: kwa watu walio wengi, kazi ya kusema hufanywa hasa na upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ukiharibika, maneno hufungwa. Bali kuimba hutumia pande zote mbili. Kwa hiyo yule asiyeweza kuomba maji pengine aweza kuimba wimbo wa utoto wake, na maneno yake.

Mabingwa watatu wa Boston, katika Marekani, walitunga mafunzo kwa njia hiyo, wakayatangaza mwaka 1973. Mgonjwa huimbishwa maneno machache, kama "nataka maji", huku mkono wake wa kushoto ukigongeshwa mezani, pigo moja kwa kila silabi. Kisha wimbo hupunguzwa kidogo kidogo, hata yabaki maneno.

Gabrielle Giffords, aliyekuwa wakati huo mjumbe wa Bunge la Marekani, alipigwa risasi kichwani huko Tucson tarehe 8 Januari 2011. Upande wa kushoto wa ubongo ukaumia, akapoteza maneno, na mkono wake wa kuume ukalegea. Alisaidiwa kusema tena kwa nyimbo. Tena akalishika baragumu la shaba alilolipiga ujanani, ambalo hubonyezwa kwa mkono wa kushoto. Usemi wake haukurudi wote, lakini amesimama mbele ya makutano akanena.

Basi, wazazi na walimu, tufanyeje? Kwanza, mtu akipinda uso ghafula, au mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, apelekwe hospitali saa ile ile; wimbo si badala ya dawa. Pili, arudipo nyumbani, msimwache mzee wenu pembeni kama mzigo. Ketini naye jioni, mkaimbe naye polepole nyimbo azijuazo, wala msimcheke akosapo. Tatu, wafundisheni watoto kuimba na kupiga kinanda au zeze tangu sasa. Akiba huwekwa kabla ya siku ya haja.