Mawimbi ya Redio: Antena ya Lori

Madereva wa malori nchini Marekani huzungumza barabarani kwa redio ya CB, hasa chaneli ya 19, yenye masafa ya megahezi 27.185. Ukigawa kasi ya mwanga, 3 × 10⁸ m/s, kwa masafa hayo, unapata urefu wa wimbi: mita 11.04. Antena ya robo wimbi basi ni mita 2.76. Ikisimama juu ya kabini itagonga madaraja, kwa hiyo sehemu ya waya huzungushwa kuwa koili, na antena ikafupika. Kitako chake kishikane na bodi ya chuma, kwani bodi ndiyo nusu ya pili ya antena. Rangi na kutu zikwanguliwe.

Kisha hupimwa nguvu inayorudishwa na antena, kwenye chaneli ya 1 na ya 40. Chaneli ya 40 ina masafa makubwa zaidi, hivyo wimbi fupi zaidi. Nguvu ikirudi zaidi kwenye 40, antena ni ndefu mno. Ipunguzwe kidogo kidogo. (Angalia usigeuze jibu hili, alama hupotelea hapa.) Nguvu inayorudi ikizidi huweza kuunguza redio, ndiyo maana haisemewi kabla antena haijaunganishwa.