Je, Programu ya Studio Hubadili Ubora wa Sauti?

Kwaya inayoshuka kutoka Mgeta au Matombo kuja kurekodi mjini Morogoro huwa imechangishana fedha kwa miezi mingi. Ikifika studio, huweza kuelezwa kwamba bei ni kubwa kwa sababu nyimbo zitachanganywa kwa programu ya gharama, na kwamba programu nyingine sauti yake ni hafifu. Tumeona vyema kulifafanua jambo hili, kwa kuwa fedha hizo zingeweza kununua muda zaidi wa kurekodi.

Sauti ikishaingia katika kompyuta huwa ni namba. Kuchanganya sauti, kwa msingi wake, ni kuzidisha namba hizo ili kupandisha au kushusha kila chombo, kisha kuzijumlisha. Pro Tools, Cubase, FL Studio na Reaper zote hufanya hesabu hiyo kwa usahihi unaopita uwezo wa sikio la binadamu. Lipo jaribio la kulithibitisha: rekodi zilezile huchanganywa katika programu mbili kwa viwango vilevile, bila kuongeza kikolezo chochote, mawimbi ya tokeo moja hugeuzwa juu chini, kisha matokeo yote mawili huchezwa pamoja. Yakiwa sawa hufutana, na kinachobaki ni kimya.

Mbona basi wapo mafundi wanaoapa kuwa wamesikia tofauti? Mara nyingi wameisikia kweli, ila chanzo chake ni mipangilio. Sauti iliyowekwa katikati hutoka katika spika zote mbili, na kila programu ina kanuni yake ya kuipunguza: nyingine hushusha desibeli 3, nyingine haishushi kabisa. Kanuni hiyo huweza kubadilishwa. Vikolezo vinavyokuja na programu, kama vile mwangwi, navyo hutofautiana, vivyo hivyo namna ya kurefusha au kufupisha sauti ili ifuate mwendo wa wimbo. Tena sikio hudanganyika kwa urahisi: kati ya nakala mbili zinazofanana, ile iliyo juu kidogo tu huonekana bora. Ukitaka kulinganisha, omba zichezwe kwa kimo kimoja, bila kuambiwa ipi ni ipi.

Hatusemi kwamba programu zote ni sawa. Fundi hufanya kazi haraka katika ile aliyoizoea, na wepesi huo una thamani.

Lakini ubora huanza kabla ya kompyuta. Nyimbo za Morogoro Jazz za mwishoni mwa miaka ya 1960, zenye gitaa la Mbaraka Mwinshehe, zilinaswa kwenye utepe wa sumaku, bendi ikipiga kwa pamoja, na hadi leo zinasikilizwa. Hapakuwa na programu yoyote. Chunguzeni chumba: piga kofi moja katikati yake, usikilize kama sauti inarudi kwa mlio wa bati tupu. Ulizeni paa likoje, maana mvua ya Uluguru ikianza kupiga mabati yasiyo na dari nene, maikrofoni huinasa pamoja na waimbaji, na hakuna programu itakayoiondoa bila kuumiza sauti zao. Sikilizeni pia kazi ambazo fundi huyo amekwisha kuzifanya, hasa za kwaya, kwa spika mnazozifahamu.

Mkikubaliana, andikeni bei, idadi ya nyimbo, idadi ya marekebisho na aina ya faili mtakazokabidhiwa. Dai nakala ya WAV, si MP3 peke yake. WAV ya kiwango cha sidii huchukua takribani megabaiti 10 kwa kila dakika. MP3 ni ndogo kwa sababu sehemu ya sauti imetupwa, na kuigeuza kuwa WAV baadaye huongeza ukubwa wa faili bila kurudisha kilichopotea. Ombeni vilevile rekodi ya kila sauti na kila chombo peke yake, ili fundi mwingine aweze kuichanganya upya. Rekodi hizo huhamishika kwenda programu yoyote.

Studio ikiahidi programu halisi iliyolipiwa na kutumia ya wizi, au ikitoza kwa sifa isiyo ya kweli, mlaji analindwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza udanganyifu katika biashara. Tunza risiti na mapatano yenu ya maandishi, kwani malalamiko yatahitaji ushahidi huo.