Safari ya Ulaya: Acha koti zito, tafuta sweta la sufu

Siku hizi si ajabu hapa Burundi kumsikia jirani akisema anakwenda Norway kumwona mwanawe. Baadhi ya vijana hao waliondokea makambini Tanzania, wakapelekwa Ulaya wakati sisi wengine tukirudi nyumbani. Tiketi ikishafika, swali huwa moja: nibebe nini?

Mimi nilisomea Katumba, ukimbizini, nikarudi mwaka 2008, na sasa ni mwalimu. Mkimbizi hujua kufunga mzigo mdogo wenye kila kinachohitajika. Ujuzi huo ulinifaa Oktoba 2022, nilipokaa wiki tatu kwa mdogo wangu mjini Bergen, magharibi mwa Norway.

Watu wengi hudhani huko kote ni barafu. Bergen sivyo. Mkondo wa maji ya vuguvugu ya Atlantiki huipasha pwani ile, hivyo hata Januari mara nyingi baridi huwa nyuzi chache juu ya sifuri. Tatizo ni maji. Mji umezungukwa na milima, na mawingu ya baharini yakiifikia hushusha mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Bujumbura hupata kama 800 tu. Asubuhi moja niliona jua, mvua ya mawe, upepo, kisha jua tena, na saa sita ilikuwa bado.

Ndiyo maana koti moja zito halifai. Ukipanda mlima linakutoa jasho, na likilowa huna jingine. Wenyeji huvaa nguo tatu, moja juu ya nyingine. Ya ndani ni fulana nyembamba ya sufu inayobana mwili. Ya katikati ni sweta la sufu. Ya juu ni jaketi jepesi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia. Hali ikibadilika, unavua moja au unaongeza moja.

Pamba iache nyumbani, pamoja na jinzi. Pamba ikilowa hushika maji na kukupoza mwili, lakini sufu hata ikiwa na unyevu bado hutunza joto.

Sasa nasema na ninyi wafanyabiashara mnaovuka Mugina na Kobero. Katika belo za mitumba hutokea masweta mazito ambayo kwenye joto la Kigoma au Bujumbura hayana mnunuzi. Tazameni kitambulisho shingoni. Kikiandikwa wool, laine au ull, hiyo ni sufu. Yatengeni. Msafiri atayalipia vizuri, naye ataokoa fedha, maana bei za madukani Norway zitamwangukia mtoto yule yule aliyetuma tiketi.

Viatu viwe vya kufunika mguu, vyenye soli ya kushika chini, na viache nafasi ya soksi nene. Mwavuli usitegemee, upepo wa Bergen huuvunja. Dawa zako na karatasi ya daktari zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na sweta moja, kwa sababu begi kubwa linaweza kuchelewa. Mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23 kwa begi, kwa hiyo jaketi na viatu vizito vaa mwilini. Nyama na maziwa usibebe. Forodha ya huko huvikamata vikitoka nje ya Ulaya.

Ndugu msomaji, hili si suala la urembo. Mama anayefika na kitenge na kandambili atakaa dirishani miezi mitatu, huku wajukuu aliowafuata wako nje. Kule watoto hucheza mvuani hata shuleni, wamevaa mavazi yao ya mpira. Bibi mwenye sufu mwilini na jaketi juu yake atawafuata huko huko nje, awafundishe Kirundi wakitembea.