Watoto Wetu Wakihesabiwa

Mchungaji mwenye kondoo mia hatajua kwamba mmoja amepotea asipohesabu. Serikali nayo ni vivyo hivyo: haiwezi kuwatunza watoto isiowajua. Kwa sababu hiyo twapenda kueleza habari za hesabu ambayo serikali ya Tanzania huifanya juu ya hali ya watoto, maana wazazi wengi, na waalimu pia, hudhani ni jambo la ofisini lisilowahusu.

Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989. Nchi iliyoridhia imepaswa kupeleka taarifa kwa kamati ya wataalamu inayokutana Geneva, ya kwanza kabla ya kupita miaka miwili, kisha kila baada ya miaka mitano. Nayo kamati hairidhiki na jumla tu. Yataka habari za wasichana na wavulana, wa mjini na wa shamba, na wenye ulemavu, kila kundi peke yake.

Kwa nini wagawanywe? Tufikiri nyumba mbili. Moja ina madebe kumi ya mahindi, ya pili haina hata moja. Mtu akisema kila nyumba ina madebe matano, hesabu yake ni sawa, lakini watoto wa nyumba ile ya pili watalala na njaa.

Na tuitazame nchi yetu. Katika uchunguzi wa afya wa mwaka 2015 na 2016, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika ule wa mwaka 2022 walikuwa 43. Twamshukuru Mungu kwa jambo hili. Tena watoto waliodumaa, yaani wafupi kuliko umri wao, walipungua toka 34 hata 30 katika kila mia. Lakini mikoa ilipotazamwa mmoja mmoja, Iringa ilionekana kuwa na 57 katika mia, na Njombe na Rukwa kama nusu ya watoto wao.

Ajabu gani hii! Mikoa hiyo ni ghala la mahindi la nchi. Lakini ghala lililojaa silo chakula cha mtoto. Mtoto hudumaa zaidi tangu mimba hata atimize miaka miwili, naye akipewa uji mtupu wa mahindi, bila maharagwe, mboga, mayai wala matunda, tumbo litashiba na mwili usikue. Mama akishinda shambani, mtoto hulishwa mara chache na dada yake mdogo. Na maji machafu humletea kuhara. Kama isingalikuwa hesabu ya mkoa kwa mkoa, nani angaliyashuku hayo?

Walakini hesabu ina upungufu wake. Uchunguzi huu hupita nyumba kwa nyumba. Basi mtoto alalaye njiani, au alelewaye katika nyumba ya yatima, haonekani humo. Tena yuko mtoto mwingine asiyeonekana, naye yumo nyumbani: ni yule mwenye ulemavu afungiwaye chumbani kwa kuona haya. Huyo serikali haikumsahau, sisi tumemficha. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa hiyo, enyi wazazi, yatupasa kumwandikisha mtoto azaliwapo, kumpeleka kupimwa kila mwezi, na kusema kweli wanapokuja wenye kuuliza. Nanyi waalimu, tazameni kitabu cha mahudhurio: ni nani asiyekuja, naye ni wa nyumba gani? Mwendeeni. Mchungaji yule hakukaa kitako akifurahia tisini na kenda. Alitoka, akamtafuta mmoja.